Kodi Niliyosamehewa Bila Kujua

Mwende mwanangu,

Umeshuka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na ninavyowajua, hamtamaliza kuongea kabla ya jua kuzama. Nimeamua kuutumia muda huo. Mifuko yako umeifunga mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningeifunga mimi. Eldoret unakokwenda kuanza kazi kuna baridi, hilo utaambiwa na baridi yenyewe. Kupika unajua. Sitakuandikia hayo.

Nakuandikia kuhusu Rhoda.

Najua umekunja uso. Kwa miaka miwili sasa jina hilo likitajwa humu ndani, mmoja wetu huondoka. Ulinuna alipoacha kuja kwetu siku za Jumapili. Ukasikia kanisani kwamba nilimwonea wivu, kwamba yeye amenunua nyumba mtaa wa Fedha na mimi bado ni karani wa stoo nikipanga hapa Umoja. Hukuniuliza, na mimi sikukuambia. Lakini Jumanne nilikuwa naanua nguo pale koridoni nje ya dirisha nikakusikia ukiongea naye kwa simu: "Sawa Aunty, nitakutumia hiyo paswadi ya mambo ya ushuru, unijazie tu. Mimi hizo vitu sizielewi."

Shuka lako liliniponyoka likaanguka chini kwenye vumbi. Maneno hayo hayo, Mwende, niliwahi kumwambia mtu huyo huyo.

Nianze na mguu wangu, maana ndiko jambo lilikoanzia. Siku zote nimekuambia kwamba nachechemea kwa sababu nilianguka nikiwa msichana. Sikuanguka. Nilipooza mguu wa kushoto nikiwa na miaka minne, huko Kitui, na nilipoanza kutembea tena mguu huo haukukua sawa na mwenzake. Nilipokuja Nairobi kutafuta kazi nilimpata fundi mmoja Gikomba aliyeniongezea soli ya kiatu cha kushoto kwa raba ya tairi, akaipaka rangi nyeusi hata mtu asiweze kuijua. Toka hapo sijavaa kiatu ambacho hakijapitia kwa fundi. Sketi zangu zote ni ndefu. Kazini huingia kabla ya wenzangu na kutoka nyuma yao, ili asiwepo wa kutembea nami hadi getini.

Unakumbuka Makongeni, kile chumba chetu kwenye nyumba za reli? Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunatoka dukani, ukawa unanifuata nyuma huku ukiyumba kama ninavyoyumba. Hukuwa unanidhihaki. Ulikuwa mtoto unayemfuata mama yake. Lakini watoto wa jirani wakacheka, nami nikageuka nikakuzaba kofi mpaka unga ukamwagika. Sikukuambia nilikupigia nini. Rhoda alikuwa amekuja kututembelea, ndiye aliyekubeba akakuosha uso na kukupa mandazi. Ninadhani siku ile ndiyo ulianza kumpenda kuliko mimi, na sikulaumu.

Rhoda alikuwa ofisi ya mishahara ya kampuni yetu ya rangi, pale Viwandani. Tuliajiriwa mwaka mmoja. Alinisimamia ubatizo wako. Baba yako alipotuacha, Rhoda alikuja akalala kwetu wiki nzima bila kuniuliza swali hata moja. Alikuwa mtu pekee Nairobi aliyewahi kuuona mguu wangu bila soksi.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana aliniita pembeni. "Mama Mwende, unajua wewe hufai kulipa kodi?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Sheria iko. Mtu mwenye ulemavu anapimwa hospitali, anapata kadi, halafu anaomba msamaha kwa watu wa ushuru. Ukipewa cheti, kwa mshahara kama huu wetu hukatwi kodi hata shilingi."

Ningefurahi, si ndiyo? Badala yake nilitazama kama kuna mtu amesikia. Neno hilo, mlemavu, nilikuwa nimelikimbia maisha yangu yote, na sasa linasemwa kwenye kantini. Nikamwambia aachane nayo. Akanifuata wiki baada ya wiki. "Sasa utamwachia nani hiyo pesa? Una mtoto. Nitakusaidia kimyakimya, hakuna mtu atajua." Mwishowe nikakubali, na nilikubali kwa sharti hilo tu: hakuna mtu atajua.

Alinisindikiza kwa madaktari. Nilipata kadi, nikaiweka chini ya godoro. Barua ya mwajiri aliiandika yeye, akaichanganya na makaratasi mengine meneja akaitia sahihi bila kusoma. Ombi lenyewe lilipelekwa kwa mtandao, kwa namba yangu na paswadi yangu, ambayo nilimwandikia kwenye kipande cha gazeti. Namba ya simu akaweka yake, alisema eti ya kwangu hupotea mtandao kule stoo. Nilimshukuru.

Baada ya miezi miwili akaja stoo uso umemshuka. "Wamekataa. Wanasema mguu wako si mbaya kiasi hicho."

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilisikia raha. Serikali imesema mimi si mlemavu! Nilirudi nyumbani siku hiyo nikanunua nyama. Hukumu niliyoitaka maisha yangu yote ilikuwa imeletwa na rafiki yangu mpenzi, ningeipinga vipi? Sikuomba hata kuiona barua ya kukataliwa.

Payslip, zile karatasi za mshahara, ziliendelea kuja na kodi imekatwa kama zamani. Kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, tunapotakiwa kujaza ripoti ya kodi, Rhoda alinijazia. "Wewe pumzika, hizi ni kazi za dakika kumi." Miaka karibu mitano, Mwende. Ndani ya miaka hiyo ulifukuzwa shule kwa ada ukiwa kidato cha tatu, na Rhoda akalipa muhula mzima. Siku za wazazi alikwenda yeye, kwa sababu sikutaka kupita katikati ya ule uwanja wenu mbele ya wazazi wenzangu. Ulirudi ukiniambia jinsi Aunty alivyopendeza. Simu yako ya kwanza alikununulia yeye. Ulipoifungua ulimkumbatia ukalia, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikijiambia, asante Mungu kwa kunipa huyu mtu.

Mwaka juzi Rhoda alifiwa na mama yake, akaenda Machakos Juni ikiwa inakaribia kuisha. Simu yake ikawa haipatikani. Nikaogopa faini. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya ushuru, nikapanga foleni.

Aliyenihudumia ni mama wa makamo mwenye miwani, mpole. Alinisaidia kubadilisha paswadi, kisha akafungua ukurasa wangu. "Yako ni rahisi, mama. Wewe hulipi kodi."

Nikamwambia amekosea. "Nalipa. Inakatwa kila mwezi."

Akatazama tena. "Hapana. Mwajiri wako anatuandikia sufuri. Na ni sawa, kwa sababu una cheti cha msamaha. Halafu kinaisha Septemba, kwa hivyo ungeanza kuomba upya mapema."

"Cheti gani?"

Akageuza ile skrini nikaona. Jina langu lote, mpaka lile la babu ambalo silitumii. Tarehe ya kutolewa ilikuwa miezi miwili baada ya Rhoda kuyachukua makaratasi yangu. Ndiyo wiki aliyokuja stoo uso umemshuka.

Nilikuwa na payslip ya mwezi uliopita kwenye mkoba. Nikaitoa nikaiweka mbele yake. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza kuhusu ugonjwa, "Mama, nani anatengeneza mishahara kwenu?"

Wewe ni mtu wa maabara, huenda mambo haya yakakuchosha, kwa hivyo nitakueleza kwa ufupi alivyofanya, kama nilivyokuja kujua baadaye. Kulikuwa na karatasi mbili za mshahara wangu. Moja ilikwenda kwa mamlaka ya ushuru, ikisema sikatwi kitu. Nyingine ilikuja kwangu, ikisema nakatwa. Tofauti iliingia kila mwezi kwenye akaunti ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi, ambayo kadi yake ya benki alikuwa nayo Rhoda. Ndiyo maana alihitaji cheti kitoke. Ndiyo maana alihitaji mimi nisijue kwamba kimetoka. Na ndiyo maana ilikuwa lazima awe mtu wa kunijazia ripoti, mwaka hadi mwaka.

Nilisubiri arudi kutoka mazishini. Nilimpa wiki moja ya msiba, kisha nikaenda kwake Fedha. Alikuwa amevaa leso, anachambua mchele.

"Karibu, Mama Mwende. Chai?"

"Nimekiona cheti."

Hakuuliza cheti gani. Aliendelea kuchambua ule mchele kwa muda, akatoa mawe mawili akayaweka pembeni. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliniambia asijue mtu."

"Mimi ni mtu, Rhoda? Mimi pia nisijue?"

"Ungefanya nini na hicho cheti? Ungekitundika ukutani? Wewe hata kutamka neno lenyewe huwezi." Alikuwa hajapaza sauti. "Na hiyo pesa haikurudi kwako? Ada ya Mwende nani alilipa? Simu nani alinunua? Nilikuwa nakuwekea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa kupiga magoti, hata kwa matusi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Yaani kila zawadi aliyokuletea, kila mara nilipomshika mkono kwa mikono yangu miwili nikimshukuru, nilikuwa nashukuru kwa jasho langu mwenyewe, tena kwa kipande kidogo tu cha hilo jasho. Hiyo nyumba niliyokuwa nimesimama ndani yake, sijui ni vigae vingapi vilikuwa vyangu.

Nikamwambia nitakwenda kwa meneja, na nitakuambia wewe.

"Mwambie," akasema. "Mwambie Mwende Aunty yake ni mwizi. Tuone atamwamini nani kati yetu."

Nilishuka ngazi za kwake nikijua kwamba hilo swali amelipima vizuri, na jibu analo.

Kwa meneja nilikwenda. Walipekua vitabu vyao wakakuta nilivyosema. Nilidhani ataitwa polisi. Badala yake niliitwa mimi. Meneja alikuwepo, na wakili wa kampuni, na karatasi moja mezani. "Mama Mwende, tusiupeleke huu mchezo mbali. Jina la kampuni litachafuka. Tutakurudishia sehemu ya pesa, Rhoda ataondoka, na wewe utaandika hapa kwamba hutasema kwa mtu yeyote."

Wiki hiyo hiyo ulikuwa umeniletea barua ya ada ya mwaka wako wa mwisho wa chuo. Nilitia sahihi. Kwa hivyo usinihesabu na watakatifu. Rhoda aliuza urafiki wetu kwa bei yake, nami nikauza haki ya kusema ukweli kwa bei yangu.

Siku ya mwisho ya Rhoda walimfanyia sherehe. Eti anaacha kazi kwa hiari, anakwenda kufanya biashara. Kulikuwa na keki na soda. Alisimama akatoa hotuba, akawashukuru wakubwa, kisha akasema, "Na namshukuru dada yangu Mama Mwende wa stoo, tumetoka mbali." Watu wakageuka kunitazama. Nikapiga makofi. Nilikula kipande changu chote cha keki kwa sababu meneja alikuwa ananiangalia.

Nilipofika nyumbani ulikuwa jikoni. Ukaniuliza mbona Aunty Rhoda anasema kwenye simu kwamba nimemkasirikia. Nikakuambia ni mambo ya wakubwa. Ukabamiza sufuria. Yeye alinisaliti kwa miaka mitano na sikujua, lakini mlio wa ile sufuria niliusikia, Mwende. Nilitaka uje uketi, useme, "Mama, kuna nini?" Hukuja. Ninajua sasa kwamba sikuwa nimekufundisha kuja. Mtoto aliyewahi kupigwa kofi kwa kuiga mwendo wa mama yake ataanzia wapi kuuliza?

Ile karatasi niliyotia sahihi inasema nisimwambie mtu. Wewe si mtu, wewe ni mwanangu.

Sasa kuhusu huo ushuru ambao unasema huuelewi. Hata mimi nilisema hivyo, na kumbe ni mambo ambayo mtu aliyepita darasa la nane anaweza kuyasoma akayamaliza. Kila mfanyakazi ana nafuu yake ya kila mwezi, kiasi ambacho serikali inakipunguza kwenye kodi yako kwa kuwa wewe ni mtu tu, hata kama huna ulemavu wala chochote. Payslip yako ya kwanza ikija, tafuta mstari huo. Usipouona, uliza siku hiyo hiyo. Na najua ninyi watu wa maabara hufanya kazi za wikendi kwenye zahanati za watu. Nafuu hiyo ni ya mwajiri mmoja. Wakikupa huku na kule utafurahi kila mwezi, halafu wakati wa kujaza ripoti utajikuta unadaiwa. Ukichukua bima ya maisha au ya afya, sehemu ya unacholipa hupunguza kodi, lakini ni lazima upeleke karatasi ya bima ofisini kwako, maana hakuna atakayekujia. Pesa unayoweka kwenye pensheni nayo hutolewa kabla kodi haijahesabiwa, mpaka kiwango fulani. Viwango hubadilika, kwa hivyo usichukue vyangu, tazama vya mwaka wako.

Mwisho wa mwaka utapewa fomu ya P9. Ina mshahara na kodi ya miezi yako yote kumi na miwili. Ilinganishe na payslip zako mwenyewe, na pia na kile wanachokiona watu wa ushuru kwenye mtandao. Ilinichukua nusu saa mwaka huu, nikiwa na miwani ya kuazima. Hiyo nusu saa ndiyo nilimwachia Rhoda.

Labda unajiuliza cheti kiliishia wapi. Nilikiacha kikaisha. Zaidi ya mwaka mzima nililipa kodi ambayo sikupaswa kulipa, kwa hasira, nisijue hata ninamkomoa nani. Kisha mwezi wa pili mwaka huu nikaamka nikasema basi. Ili kuomba upya nilihitaji barua ya mwajiri, na safari hii hakukuwa na mtu wa kuichomeka katikati ya makaratasi mengine.

Nilimwendea mkuu wetu mpya wa wafanyakazi, binti wa Kisomali aliyelelewa Eastleigh, hana hata miezi mitatu pale. Akaniuliza, "Barua iseme nini, mama?"

Mlango ulikuwa wazi, nikauacha wazi. Kisha nikasema, "Iseme mimi ni mlemavu. Mguu wa kushoto. Toka utotoni."

Akaandika. Akaniuliza mguu unaniathiri vipi kazini, nikamweleza ngazi za stoo, na kusimama, na jinsi unavyowaka jioni. Sikuwahi kumweleza mtu hayo, hata wewe unayelala chumba cha pili. Alichapa barua, akanisomea kwa sauti yote, neno kwa neno, kisha akanipa niisome mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Nilikwenda nayo chooni nikalia, halafu nikarudi stoo kupokea rangi. Cheti kilitoka mwezi wa tano. Nimekifungua mimi, kwa paswadi ambayo haiko kwenye kipande cha gazeti chochote.

Sijamsamehe Rhoda. Wachungaji wananiambia nisamehe bila kujua ni nini, nami naitikia. Labda siku moja. Kinachonisumbua usiku si pesa. Ni kwamba siwezi tena kuikumbuka ile wiki aliyolala kwetu baba yako alipoondoka bila kujiuliza kama hata wakati ule alikuwa ananihesabu. Amenichukulia na yaliyopita.

Wewe una mambo yako naye. Alikubeba, alikuja shuleni kwako, na sidhani kwamba alipokuwa akikuosha uso alikuwa anaigiza. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Sikukatazi kumpigia simu. Namba yako ya ushuru na paswadi yako usimpe. Usimpe yeye, usinipe na mimi.

Nilitaka kuiweka barua hii kwenye begi lako chini ya nguo, uisome ukiwa umefika Eldoret na mimi nikiwa mbali. Nimebadilisha nia. Nitakupa mkononi ukiingia tu, nami nitakaa papa hapa mezani, bila viatu, mpaka umalize. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie nikiwa mbele yako. Ukitaka kuuliza, uliza lolote, hata la mguu.

Nasikia mnacheka huko chini kwenye ngazi. Unakuja.

Mama yako,
Kavata